Nimelipia gemu, mbona limenifungia nje?

*"Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 22, nipo Morogoro. Mwezi uliopita nilinunua gemu la mbio za magari kwenye duka la mtandaoni wakati wa punguzo, kwa hela niliyodunduliza miezi mitatu. Kulipakua tu kulikula bando la GB 60. Nilipolifungua likaniletea programu nyingine ya kampuni iliyotoa gemu, ikanitaka nifungue akaunti mpya, halafu nayo ikaanza kupakua mambo yake. Nikavumilia. Wiki iliyopita bando likaisha, nikasema si neno, nacheza mwenyewe, sishindani na mtu. Likakataa kufunguka, eti haliwezi kuthibitisha leseni. Hata likifunguka linakwamakwama, ingawa mashine yangu inazidi sifa zilizoandikwa. Juu ya hayo, mdogo wangu alipakua gemu la bure la kurushiana risasi, na tangu hapo kuna kitu kinawaka chenyewe kila nikiwasha kompyuta, hata siku ambazo hatuchezi. Rafiki yangu ana gemu lilelile la magari, lake limechakachuliwa, alipewa kwenye flashi. Anacheza bila intaneti na ananicheka. Je, hizi programu ni virusi? Nikizitoa, gemu nililolipia limepotea? Na kuna ubaya gani nikichukua nakala ya rafiki yangu wakati mimi nimeshalipa? Mwisho, nina CD ya gemu aliyoinunua kaka yangu mwaka 2005. Kwenye Windows 10 haifunguki kabisa. Imekufa?"*

Marahaba, mdogo wangu. Hasira yako nimeielewa, na ina haki. Umedunduliza, umelipa, umeunguza bando, halafu mlango unafungwa usoni pako huku aliyechukua bure anaendelea kucheza. Yalinikuta na mimi. Mwaka 2009 nilinunua gemu la CD lililoruhusu kusajiliwa mara tatu tu. Diski ngumu ikaungua umeme uliporudi kwa nguvu, nikasajili mara ya pili. Nikapiga Windows upya kwa sababu ya virusi vya flashi, ikawa ya tatu. Mwaka uliofuata nikabadili mashine, na CD yangu halali, yenye kasha na risiti, ikaniambia nimemaliza nafasi zangu. Niliwaandikia barua pepe mara mbili, sikujibiwa.

Tangu hapo nimekuwa nikiyachunguza makufuli haya, kwenye mashine zangu na za wateja, na kila anayekuja na malalamiko kama yako namwambia kwanza kwamba ametia kapu moja vitu visivyofanana. Lipo duka. Ipo programu ya kampuni inayosimama kati ya duka na gemu, ambayo wachezaji huiita lancha. Lipo kufuli lililofumwa ndani ya gemu lenyewe. Na yupo mlinzi anayewekwa chini kabisa ya Windows kwa ajili ya kukamata wadanganyifu. Wewe umekutana na vyote vinne ndani ya mwezi mmoja, ndiyo maana kichwa kinauma. Kila kimoja kina madhara yake na tiba yake.

Tuanze na neno virusi. Hizi ulizozitaja si virusi: hazijinakili kwenda mashine nyingine, na zina mwenyewe anayejulikana. Lakini usidhani kila kilichotoka kampuni kubwa ni salama kwa sababu hiyo tu. Mwaka 2005 kampuni ya Sony BMG iliuza CD za muziki ambazo, ukizitia kwenye kompyuta, zilisakinisha programu ya kuzuia kunakili iliyojificha ndani ya Windows. Faili lolote ambalo jina lake lilianza na alama $sys$ likawa halionekani. Mtaalamu Mark Russinovich aliigundua kwenye mashine yake mwenyewe mwezi Oktoba mwaka huo, na baada ya wiki chache virusi vya kweli vikaanza kujificha nyuma ya pazia hilohilo. CD zikarudishwa, kesi zikafunguliwa. Kwa hiyo mimi hujiuliza mambo matatu kuhusu programu ya namna hii: inaishi wapi ndani ya mashine, inafanya kazi wakati gani, na nikiamua kuiondoa inaondoka kweli?

Ile iliyokudai akaunti mpya ni lancha. Ubisoft wana yao, EA wana yao, Rockstar wana yao. Duka kama Steam hukata kamisheni, kwa kawaida asilimia 30 ya mauzo, na humjua mteja kuliko mtengenezaji anavyomjua. Lancha inampa mtengenezaji barua pepe yako, kumbukumbu za unavyocheza, na ukuta wa kukutangazia magemu mengine. Kiusalama ni programu ya kawaida tu, inaishi pale inapoishi programu yako ya kuandikia barua. Hasara yake ni kumbukumbu ya mashine inayoila, bando la masasisho, nenosiri jingine la kukumbuka, na mlango mmoja zaidi unaoweza kukwama. Zima tabia yake ya kuwaka pamoja na Windows: bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye orodha ya programu zinazowaka mwanzoni, uizuie. Gemu halitapotea. Hata ukiiondoa lancha yote, ulichopoteza ni njia ya kulifungulia tu. Leseni imeandikwa kwenye akaunti yako, ukiisakinisha tena na kuingia, gemu lipo.

Ila kuna jambo moja kuhusu akaunti hizi ambalo linatuhusu sisi wa huku moja kwa moja. Mwezi Mei 2024 Sony walitangaza kwamba wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wangelazimika kuunganisha akaunti ya PlayStation. Gemu hilo lilikuwa limetoka Februari, watu wameshalipa na wanacheza. Huduma hiyo ya akaunti haitolewi rasmi Tanzania wala Kenya, wala katika nchi na maeneo mengine zaidi ya 170. Wachezaji waliwaka, na ndani ya siku chache Sony wakarudi nyuma. Walioko nchi zisizo kwenye orodha walikuwa wanakaribia kufungiwa nje ya kitu walichokilipia, kwa sababu tu ya mahali wanapoishi. Kwa hiyo unapoona gemu linadai akaunti ya mtu wa tatu, angalia kwanza kama kampuni hiyo inaihudumia nchi yako. Usifungue akaunti kwa kudanganya nchi, maana siku ukihitaji kurudishiwa nenosiri au hela, uongo huo ndio utakaotumika kukunyima.

Sasa twende kwenye ile siku bando lilipoisha, kwa sababu hapo ndipo pana tiba ya haraka.

Hukutaja jina la gemu, lakini dalili ulizoeleza ni za kufuli la ndani, na linalotumika zaidi miaka hii linaitwa Denuvo, la kampuni ya Salzburg, Austria. Lilianza kuonekana mwaka 2014. Linavyofanya kazi ni hivi: sehemu fulani za programu ya gemu zinageuzwa kuwa lugha ya siri ambayo kichakataji hakiwezi kuisoma moja kwa moja. Mara ya kwanza unapofungua gemu, linakusanya alama za mashine yako, aina ya kichakataji na mambo mengine kama hayo, linazituma kwenye seva. Seva inathibitisha kwamba akaunti yako imenunua, kisha inarudisha tiketi iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hiyo peke yake. Kuanzia hapo gemu linatumia tiketi na alama za mashine kwa pamoja ili kuzitafsiri zile sehemu za siri kila zinapohitajika.

Ukishaelewa hilo, utaelewa kwa nini lilifunguka wiki tatu na likakataa ya nne. Tiketi inakufa. Inaweza kufa kwa sababu gemu limepata sasisho jipya, au Windows imebadilika, au umebadilisha kifaa, au muda wake umeisha. Mara nyingi hutokea hivi: jioni una bando, duka linapakua sasisho la gemu kimyakimya, unazima kompyuta. Kesho bando limekwisha, unafungua gemu, na toleo jipya linataka tiketi mpya ambayo hukupata nafasi ya kuichukua. Wewe unaona gemu limekugeuka bila sababu.

Kwa hiyo usiache masasisho yajipakulie yenyewe. Kwenye Steam, ambako wengi hununua, fungua sifa za gemu hilo na uweke kwamba lisasishwe pale tu unapolifungua. Kila linaposasishwa, lifungue ukiwa bado na intaneti, uingie hadi kwenye menyu kuu, ucheze dakika mbili. Fanya vilevile kwenye lancha: ingia, hakikisha imekukumbuka, maana nyingi zinakubali kufanya kazi bila mtandao zikiwa zimewahi kuingia. Kisha, bando likiwa bado lina uhai, iambie Steam yenyewe iende nje ya mtandao kupitia menyu yake ya juu kushoto. Watu husubiri bando liishe ndipo watafute kitufe hicho, na wakati huo huenda kimeshachelewa. Ukifanya hivi, magemu mengi ya mchezaji mmoja yatakufungukia hata umeme wa mnara ukikatika wiki nzima.

Sikuahidi yote. Yapo magari ya kidijitali ambayo hayajui kuendeshwa bila seva hata ukiwa peke yako barabarani. The Crew ya Ubisoft, gemu la mbio za magari la mwaka 2014, lilikuwa hivyo. Seva zilizimwa tarehe 31 Machi 2024, na walionunua wakabaki na jina tu kwenye orodha yao. Jambo hilo liliwauma watu kiasi kwamba kampeni ya kuzitaka kampuni ziache magemu yakiwa yanachezeka baada ya seva kuzimwa ilipata zaidi ya sahihi milioni moja katika Umoja wa Ulaya. Kama gemu lako ni la namna hiyo, hakuna mpangilio wa kompyuta utakaolisaidia, na ni bora ulijue mapema kuliko kuhangaika na mafundi.

Kuhusu kukwamakwama, nakuomba usikimbilie kulaumu kufuli. Linaweza kuwa ndilo. Gemu la Resident Evil Village la kampuni ya Capcom lilipotoka Mei 2021 lilikuwa na mikwamo ya kuudhi, na toleo lililochakachuliwa lilipotokea likawa linakwenda laini kuliko la waliolipa. Wapimaji wa Digital Foundry walithibitisha tofauti hiyo, na Capcom wakatoa sasisho lililotuliza mambo mwezi Julai. Aibu kubwa hiyo kwa mtengenezaji, na nasema bila kumung'unya maneno: mteja halali hapaswi kupata bidhaa mbovu kuliko ya mwizi. Hata hivyo, kwenye mashine ninazoletewa, sababu ya kukwama huwa mara nyingi ni nyingine. Diski ngumu ya zamani inayozunguka badala ya SSD. RAM moja iliyokaa peke yake. Laptopu inayochezewa kwa betri, au iliyojaa vumbi hadi inapunguza kasi ili isiungue. Pia kuna magemu yanayoandaa michoro yake papo hapo kila unapofika sehemu mpya. Hayo hukwama mara ya kwanza tu, ukirudia njia ileile yanapita vizuri. Jaribu: endesha barabara moja mara tatu. Kama mkwamo wa mara ya kwanza haupo mara ya tatu, kufuli halihusiki. Kama unarudi mahali palepale kila mara, na SSD unayo na mashine haichemki, basi andika malalamiko kwa kampuni ukitaja sifa za mashine. Kampuni nyingi huliondoa Denuvo baada ya miezi kadhaa, mauzo makubwa yakishapita, na malalamiko yenye vipimo huongeza msukumo.

Sasa lile gemu la mdogo wako. Hili ndilo lililonifanya nikuandikie kirefu.

Fikiria nyumba ya kupanga. Kila mpangaji ana ufunguo wa chumba chake, na wote wanatumia ua mmoja. Mwenye nyumba ana funguo zote, anaweza kuingia popote, usiku au mchana. Windows imejengwa hivyo. Programu zako za kawaida ni wapangaji: kivinjari, gemu, lancha. Sehemu ya ndani kabisa, kerneli, ndiyo mwenye nyumba. Draiva, yaani programu ndogo zinazoiwezesha Windows kuendesha vifaa kama kadi ya michoro na diski, hukaa huko kwa sababu ya lazima. Wadanganyifu kwenye magemu ya mashindano walianza kuziingiza programu zao huko kwenye kerneli ili wasionekane, na kampuni za magemu nazo zikawafuata hukohuko. Vanguard, mlinzi wa gemu la Valorant lililotoka mwaka 2020, hupanda kwenye kerneli tangu kompyuta inapowaka, ili mdanganyifu asimtangulie. Tangu mwaka 2024 gemu la League of Legends nalo linamtaka. Hicho kinachowaka chenyewe kwako, kwa maelezo yako, ni kitu cha jamii hiyo.

Simlaumu anayecheza mashindano akikubali mlinzi huyo. Ukishapigwa risasi kupitia ukuta na mtu anayeona yote, utaelewa kwa nini walinzi hao wapo. Lakini uzito wake haufanani na wa lancha. Kosa dogo la programu ya kawaida linaua programu hiyo. Kosa dogo kwenye kerneli linaiangusha kompyuta nzima, au linamwachia mtu mwingine mlango wazi. Mwezi Septemba 2016 Capcom waliongeza draiva kwenye gemu la Street Fighter V ili kuzuia udanganyifu. Draiva hiyo iliizima kinga ya kichakataji na kuruhusu programu yoyote kuendesha amri zake ndani ya kerneli. Iliondolewa haraka baada ya kelele. Mwaka 2022 wataalamu wa Trend Micro, kampuni ya usalama wa kompyuta, walieleza jinsi wahalifu walivyoitumia draiva ya gemu la Genshin Impact kuzima programu za kuzuia virusi kabla ya kufunga mafaili ya watu na kudai fidia. Na hapa ndipo wengi wanapokosea: waathirika hawakuhitaji kuwa na gemu hilo. Wahalifu walikuja na draiva yenyewe, na Windows ikaipokea kwa sababu ina sahihi halali.

Ushauri wangu kwenu ni rahisi. Kama kompyuta hiyo ndiyo mnayofanyia kazi za chuo, miamala ya benki, au ina picha za familia zisizo na nakala, mlinzi wa kerneli asikae humo kwa ajili ya gemu la bure. Mwondoeni. Angalia vizuri kwenye orodha ya programu zilizosakinishwa, kwa sababu kuondoa gemu peke yake mara nyingi humwacha yeye akiwa bado yupo, ana jina lake mwenyewe kwenye orodha. Muondoe kwa njia hiyo, kisha uwashe kompyuta upya. Usiende kufuta faili lake kwa mkono kwenye folda ya Windows. Nimepokea mashine zilizogoma kuwaka kwa sababu hiyo. Na kama mdogo wako hawezi kuliacha gemu, kaa naye mkubaliane: kompyuta ya michezo iwe ya michezo, ya miamala iwe nyingine, hata simu.

Nije kwa rafiki yako na flashi yake. Hoja yako kwamba umeshalipa si ya kuchekwa. Kwa dhamiri, hujamnyang'anya mtu shilingi yake. Kisheria ni jambo jingine: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta, na leseni uliyoikubali ulipolipa haikukupa ruhusa ya kutumia nakala iliyochakachuliwa. Mimi si mwanasheria, ukitaka undani nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Kinachonitia hofu zaidi ni mashine yako. Ili kulivunja kufuli, mtu usiyemjua amebadilisha programu yenyewe ya gemu. Karibu kila nakala ya namna hiyo inakuja na maelekezo ya kuzima kinga ya virusi na kuiruhusu programu iendeshwe kwa mamlaka ya msimamizi. Ukitii, umempa ufunguo wa nyumba yote mtu ambaye, tofauti na kampuni ya gemu, hutampata hata ukimtafuta. Mwaka 2021 kampuni ya Avast ilieleza programu haribifu waliyoiita Crackonosh, iliyosambaa ndani ya magemu maarufu yaliyochakachuliwa. Ilikuwa imeingia kwenye mashine zaidi ya 222,000, ikazima kinga zake, na kuzitumia kuchimba sarafu ya kidijitali ya Monero yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 2. Wenye mashine walichokiona ni feni kupiga kelele na kompyuta kuwa nzito. Walioilipa ni wao, kupitia bili ya umeme.

Rafiki yako anaweza kuwa na bahati, nakala yake ikawa safi. Ila flashi hiyo imepita kwenye kompyuta ngapi kabla ya kumfikia? Hajui, nawe hujui.

Kwa gemu la magari ulilonalo, kurudishiwa hela kumeshapita. Steam huwa wanakubali ndani ya siku 14 za kununua, ukiwa umecheza chini ya saa 2, na wewe umeshavuka. Ndiyo maana kazi kubwa ni ile ya kabla ya kulipa. Kwenye ukurasa wa gemu pale Steam, upande wa kulia, kuna visanduku vidogo ambavyo macho huviruka: vinataja kama kuna kufuli la mtu wa tatu, akaunti ya ziada, kikomo cha mashine kwa siku, na tangu Oktoba 2024 mtengenezaji analazimika kutaja mlinzi wa kerneli. Visome kabla ya kusoma bei. Tovuti ya PCGamingWiki nayo inaorodhesha kwa kila gemu ni kufuli gani lipo kwenye duka gani, na mara nyingine utakuta gemu moja lina kufuli katika duka hili na halina katika lile. Duka la GOG, lililoanzishwa Poland mwaka 2008, linauza magemu yasiyo na kufuli: unapakua kisakinishi, unakihifadhi kwenye diski ya nje, na hata ukipiga Windows upya mara kumi huhitaji bando tena wala ruhusa ya mtu. Kwa sisi ambao GB 60 ni hela ya chakula, hilo kwangu lina uzito kuliko punguzo la bei. Tatizo ni kwamba magemu mapya makubwa mengi hayafiki huko, au yanafika yakiwa yamekaa miaka. Mimi nimeamua kusubiri. Wewe una miaka 22, huenda subira hiyo hutaki, na siwezi kukulazimisha.

Kuna hali ambazo usijitibu kwa kusoma, umwone fundi ana kwa ana. Skrini ya bluu inayorudi na kutaja jina la faili linaloishia na .sys. Kinga ya virusi iliyozimika yenyewe na kukataa kuwaka. Feni inayopiga kelele kompyuta ikiwa haifanyi kitu. Na gemu likikutaka uingie kwenye BIOS, mipangilio ya ndani inayotangulia Windows, kuwasha kinga za Secure Boot au TPM, kama yafanyavyo baadhi ya magemu mapya ya mashindano, simama kwanza: kwenye laptopu ambazo diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha mafaili, badiliko hilo linaweza kuifanya Windows idai namba ndefu ya kufungulia, na ukiwa huna namba hiyo mafaili yote yamekwenda. Ihifadhi kabla, au mpelekee anayejua. Ukienda, mwambie fundi ulisakinisha nini na lini. Akitaka kupiga Windows kabla hata hajaangalia, chukua mashine yako utafute mwingine.

Imebaki CD ya kaka yako. Haijafa, na huenda haina hata mkwaruzo. CD nyingi za miaka ile zilitumia ulinzi wa SafeDisc au SecuROM: kiwanda kiliweka kwenye CD sehemu zenye kasoro za makusudi au mpangilio ambao mashine za kunakili haziwezi kuuiga, na draiva ndani ya Windows ikawa inakagua kama alama hizo zipo. Draiva ya SafeDisc, secdrv.sys, ilikuja na Windows XP yenyewe. Mwaka 2007 ikagundulika ina tundu lililomwezesha mvamizi kupata mamlaka ya msimamizi, Microsoft wakaliziba. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 hawakuiweka tena, na Septemba mwaka huohuo wakaizima kwa sasisho kwenye Windows za nyuma yake pia. Walifanya vyema kiusalama, nasi tukabaki na rafu za CD halali zisizosomeka. Usifuate maelekezo ya kuirudisha draiva hiyo kwenye mashine unayoingilia mtandaoni.

Tafuta kwanza kama mtengenezaji aliwahi kutoa sasisho la mwisho linaloondoa hitaji la CD, maana baadhi walifanya hivyo kwa hiari. Kisha angalia kama gemu limeuzwa upya GOG, mara nyingi kwa bei ya chipsi mayai. La sivyo, kompyuta kuukuu yenye Windows XP, isiyounganishwa na intaneti, italicheza kama siku ile kaka yako alipolileta nyumbani. Na geuza kasha uangalie kama namba ya leseni bado inasomeka. Zipo kampuni zilizokubali namba za zamani na kumpa mteja toleo la kupakua. Ipige picha leo, kabla wino haujafutika, kisha niandikie jina la gemu.